Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Ni Mnyama Gani Aliye Salama Nyumbani?

Yafuatayo ni mazungumzo ya afisa wa mifugo wa kaunti ndogo mbele ya wazazi, wazee wa mtaa na wahudumu wa afya ya jamii, katika uwanja wa shule ya msingi, kabla ya kampeni ya chanjo ya mbwa na paka. Tumeyachapisha kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kufika.

  

Chifu ameniambia nisizidishe nusu saa, kwa sababu kuna kina mama hapa walioacha vyungu motoni. Nitajitahidi.

Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha sokoni. Akaniambia: "Daktari, mwanangu ananililia nimpe mnyama wa kufuga. Baba yake anataka mbwa. Nyanya yake anasema paka. Na kuna kijana anauza mtoto wa komba, mzuri kweli, macho kama taa. Nimpe yupi ambaye hatamdhuru?"

Nilimwambia aje leo, nitamjibu mbele ya watu, kwa sababu swali lake ni swali la nyumba nyingi. Namwona ameketi pale chini ya mwembe. Mama, karibu.

Kabla sijataja mnyama yeyote, nataka tukubaliane namna ya kupima hatari. Wengi wetu tunapima kwa hofu. Tukiona nyoka, kijiji kizima kinatoka na marungu. Tukiona mtoto wa mbwa, tunamruhusu alambe uso wa mtoto mchanga. Lakini wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Anayetudhuru zaidi mara nyingi ni yule tuliyemzoea, tukaacha kumwangalia.

Kwa hiyo kwa kila mnyama, jiulizeni maswali matatu. La kwanza: anaweza kumuumiza mtu vipi, kwa jino, kwa ukucha au kwa teke? La pili: anabeba ugonjwa gani, na je, ugonjwa huo una kinga? La tatu: sheria inaniruhusu kumfuga? Mnyama akishinda maswali hayo matatu, mfugeni kwa furaha. Akishindwa hata moja, fikirini tena.

Tuanze na mbwa.

Mbwa ni rafiki na mlinzi. Anakesha tukilala, anafukuza nguchiro na wezi wa kuku, anamsindikiza mtoto mpaka njia panda. Najua zipo nyumba hapa ambazo hazifugi mbwa kwa sababu za dini, na hilo ni la kuheshimiwa. Lakini hata anayeishi nyumba isiyo na mbwa anakutana naye uchochoroni, sokoni na jalalani. Kwa hiyo habari hii inatuhusu sote.

Kati ya wanyama wote wa nyumbani, mbwa ndiye anayetuletea ugonjwa wa kuua kuliko yote, nao ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu wameupata kutoka kwa mbwa. Linasema pia kwamba takriban watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Na dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra mno apone. Hakuna dawa ya hospitali wala ya kienyeji itakayomrudisha.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Kwa rekodi zilizopo, mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao hapa Kenya alipatikana karibu na Nairobi mwaka 1912. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado tunazika watu, ilhali chanjo ya binadamu imekuwapo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister kule Ufaransa baada ya kuumwa na mbwa, na kijana yule akaishi.

Sasa niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe nikiwa bado mgeni katika kazi hii. Sitataja kijiji wala jina la mtu.

Nilipigiwa simu na baba mmoja. Akasema mbwa wake amekwamwa na mfupa kooni. Nilipofika, nilimkuta mbwa mdogo wa miezi kama mitano. Mdomo uko wazi, udenda unamtoka, kumeza hawezi, na sauti imebadilika. Yule baba alikuwa ameshaingiza mkono mdomoni mwake mara mbili kuutafuta huo mfupa. Hakuukuta, kwa sababu haukuwapo. Ile ni sura mojawapo ya kichaa. Mbwa hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa mnyonge, amejikunyata chini ya kitanda cha kamba.

Mbwa alikufa siku ya tatu. Tulipeleka kichwa maabara, na majibu yakarudi: ni kichaa. Nikarudi pale nyumbani. Yule baba akaenda kuchanjwa, na mpaka leo yuko hai. Kisha nikawakusanya watoto, nikawauliza: "Kuna aliyeumwa au kuparuzwa na mbwa?" Wote wakasema hapana. Nikaandika katika daftari langu, nikaondoka.

Miezi miwili baadaye, mtoto wa kiume wa pale, wa miaka tisa, alianza kulalamika kwamba kidole kinamwasha. Kisha homa. Kisha wakampa maji, akashindwa kuyameza, akawa anaogopa hata kikombe. Hapo ndipo dadake aliposema kwamba yule mbwa alikuwa amemng'ata kidoleni walipokuwa wakicheza. Kijeraha kidogo tu, damu tone moja. Hakusema, kwa sababu alikuwa amekatazwa kucheza na mbwa na aliogopa kuchapwa.

Tulimzika mtoto yule.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Kosa halikuwa la mtoto. Mimi nilimuuliza mbele ya baba yake, na baba alikuwa ameshika fimbo ya kuchungia. Ni mtoto gani angesema? Tena sikupaswa kutegemea jibu la mtoto peke yake. Nyumba nzima iliyoishi na mbwa yule, iliyoguswa na mate yake, ilitakiwa ipelekwe kituo cha afya siku ileile, kila mmoja achunguzwe na mhudumu aamue. Tangu siku hiyo, nikiingia nyumba yenye mbwa anayeshukiwa, nawachukua watoto kando mmoja mmoja, na neno langu la kwanza ni hili: hakuna atakayechapwa.

Mama zangu na baba zangu, nawaomba mlichukue hilo leo mrudi nalo nyumbani. Waambieni watoto wenu leo jioni: "Ukiumwa, ukiparuzwa au ukilambwa penye kidonda, na mnyama yeyote, hata kama ulikuwa unafanya nilichokukataza, njoo uniambie. Sitakuchapa." Maneno hayo hayagharimu hata shilingi, lakini yanaweza kumwokoa mwanao.

Na mtoto akija kukuambia, fanya nini? Peleka kidonda penye bomba, au mtu amwage maji kwa jagi, na ukioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Sabuni ya kufulia inatosha. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usiweke kitunguu wala jiwe. Usikifunge kwa kukaza. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kabla ya kupanda bodaboda, muulize mhudumu wa afya ya jamii ni kituo kipi kina chanjo, usije ukapoteza siku ukizunguka. Na ukianza sindano, zimalize zote kwa tarehe ulizoandikiwa, hata kama kidonda kimepona. Kupona kwa kidonda si dalili kwamba ugonjwa haumo.

Na yule mbwa, je? Msimuue haraka. Kama anaweza kufungwa bila kumhatarisha mtu, mfungeni na mtuite. Tunamwangalia kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku alipouma, ndani ya siku hizo atakuwa ameugua au amekufa. Akibaki mzima, tunajua. Lakini msisubiri hizo siku 10 ndipo mpeleke mtoto hospitali. Mtoto anakwenda leo, mbwa anaangaliwa nyuma yake.

Dalili za mbwa mwenye kichaa ni zipi? Tabia inabadilika. Mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mpole kupita kiasi. Anauma vitu visivyo na maana, mawe, vijiti, mnyororo. Anatembea ovyo bila mahali anapokwenda. Udenda, sauti ya kukwaruza, kushindwa kumeza, miguu ya nyuma kulegea. Na mkimwona ng'ombe, mbuzi au punda analia bila kukoma na kutokwa na udenda baada ya kuumwa na mbwa, msimguse kinywani na msimchinje mkagawana nyama. Tuiteni.

Sasa habari njema. Ugonjwa huu una kinga. Wataalamu wamethibitisha kwamba tukichanja mbwa 7 katika kila 10 mahali fulani na tukaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita na unakatika. Ndiyo maana nchi yetu iliweka mkakati ulioanza mwaka 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030. Kuwaua mbwa kwa sumu hakusaidii. Mnaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao inajazwa na wengine kutoka kijiji cha pili ambao hawana chanjo. Mbwa aliyechanjwa anayelala mlangoni kwako ni ukuta. Usiubomoe.

Na sheria inasema nini kuhusu mbwa? Inaruhusu, ila inakuwajibisha. Kuna Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za mbwa na kusimamia ustawi wa wanyama. Kwa hiyo mbwa ana mwenyewe. Ukisema "huyu si wangu, ni wa mtaa," ilhali kila jioni anakula kwako, mimi nitakuhesabu wewe kuwa mwenyewe.

Jambo la pili la mbwa ni minyoo. Kule Turkana, katika miaka ya 1970 na 1980, watafiti walikuta watu wengi mno wenye uvimbe mkubwa wa maji tumboni, hasa kwenye ini, kiwango cha juu kuliko karibu popote pengine duniani. Chanzo kilikuwa tegu mdogo wa mbwa. Mbuzi au kondoo akichinjwa, mbwa alitupiwa ini au mapafu mabichi yenye vifuko vya maji. Tegu akakulia ndani ya mbwa, mayai yakatoka na kinyesi, yakanata kwenye manyoya, na mbwa alikuwa akilala na watoto na kuwalamba. Uvimbe unakua polepole, miaka na miaka, mpaka mtu apasuliwe.

Funzo kwetu ni jepesi. Siku ya kuchinja, iwe Idi, Krismasi au harusi, vifuko vya maji mnavyoviona kwenye ini na mapafu msimtupie mbwa. Zikeni kwenye shimo refu au chomeni. Mpeni mbwa dawa ya minyoo, kila miezi mitatu ikiwezekana. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Hayo ndiyo ya mbwa. Sasa paka.

Sisi watu wa pwani na paka tumeishi pamoja muda mrefu. Nendeni Lamu muone paka walivyojaa gatini wakisubiri wavuvi. Paka anakula panya, na panya akipungua, nyoka naye anapungua, maana nyoka hufuata panya. Kwa hiyo paka ni mlinzi wa namna yake.

Hatari yake ni nini? Kwanza, paka pia hupata kichaa. Kampeni yetu ni ya mbwa na paka, lakini kila mwaka paka wanaoletwa ni wachache, watu wanaona haya kuja na paka kikapuni. Leteni. Pili, jino la paka ni jembamba kama sindano. Linaingia ndani na kuacha tundu dogo juu, tunadhani si kitu, kesho mkono umevimba. Jino la paka lioshwe na lionyeshwe kwa daktari vilevile.

Tatu ni jambo linalowahusu kina mama wajawazito. Kuna kijidudu kinachotoka katika kinyesi cha paka ambacho kikimpata mama mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nimesikia waume wakifukuza paka kwa sababu hiyo. Haihitajiki. Kinyesi kibichi cha paka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na madhara. Kikizolewa kila siku, hatari inapungua sana. Azoe mtu mwingine, si mama mjamzito. Mama avae glavu akilima bustani, aoshe mboga vizuri, na nyama iive kabisa, kwa sababu watu wengi hukipata kijidudu hicho kwenye nyama mbichi na udongo, si kwa kumshika paka.

Sasa ndege na sungura.

Kuku hatumwiti mnyama wa kuchezea, lakini katika nyumba nyingi watoto wanacheza na vifaranga, na usiku kuku wanalala jikoni au chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Kuku hapati kichaa na hamuui mtu kwa jino. Lakini kinyesi chake kina vijidudu vya kuharisha, na mtoto anayetambaa anaokota kila kitu na kutia kinywani. Mkiweza, jengeni banda, hata la fito na wavu, mbali kidogo na nyumba. Tena kuku wakilala chumbani, chakula chao huita panya, na panya humwita nyoka. Mara nyingine nyoka anayeonekana chumbani ameletwa na mahindi ya kuku.

Njiwa ni wazuri, ila vumbi la kinyesi chao kikavu ni baya kwa mapafu, hasa kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, na mfunge kitambaa puani.

Sungura ni mpole. Anaparuza akishikwa vibaya, basi msimwinue kwa masikio. Mshikeni kifuani kwa mkono mmoja na matakoni kwa mkono wa pili. Anaweza kuambukiza choa, vile viduara vinavyowasha ngozini. Akipoteza manyoya kwa mabaka, tuonyesheni. Zaidi ya hapo, sungura ni miongoni mwa wanyama salama sana kwa mtoto wa shule, na anamfundisha kazi ya kila siku.

Sasa nifike kwa yule komba, maana namwona mama ananitazama.

Mama, komba ni mzuri, sikatai. Lakini wewe ni mtu wa pwani, unajua tunavyosema mtu amelewa kama komba. Kwa nini? Kwa sababu komba hupanda mnazi usiku na kunywa tembo kwenye kibuyu cha mgema. Huyo ni mnyama wa usiku na wa juu ya miti. Mchana atalala, na usiku mkilala ataruka juu ya kabati na vyombo. Hujipaka mkojo mikononi na miguuni, ndiyo desturi yake ya kuacha harufu njiani, kwa hiyo nyumba itanuka. Akiogopa anauma, na meno yake ni makali.

Tumbili ni vivyo hivyo, tena zaidi. Akiwa mdogo amekuganda shingoni kama mtoto. Akikomaa anataka kutawala, na wa kwanza kuumwa ni mtoto wa nyumba, kwa sababu ndiye mdogo. Kwa kuwa mwili wake unafanana na wetu, magonjwa yanavuka pande zote mbili. Kifua kikuu tunaweza kumpa sisi, naye akatupa.

Na hapa swali la tatu linaingia. Komba, tumbili, kobe, chatu, kasuku wa porini, wote hao ni wanyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa la jinai. Kumnunua kutoka kwa kijana wa mtaani hakukupi kibali. Kunakupa kesi.

Kobe naye anaonekana hana neno. Haumi, hapigi kelele. Lakini ngozi na gamba lake hubeba vijidudu vya kuharisha damu. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wa chini ya inchi 4 mwaka 1975, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia kinywani na kuugua. Kama Marekani yenye maji ya bomba kila nyumba ilishindwa, sisi tumwache kobe msituni.

Kasuku wa kijivu anayesema anapendwa sana. Anaishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo ukimchukua uzeeni, mjukuu ndiye atakayemrithi. Anaweza kuambukiza homa ya mapafu kupitia vumbi la kinyesi na manyoya. Biashara yake imewamaliza porini, ndiyo maana mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, nchi za dunia zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wanaotegwa porini. Hapa kwetu KWS ilitoa muda wa msamaha mwaka 2022 ili waliokuwa nao wajiandikishe. Kama bado unaye na huna karatasi, nenda ukaseme mwenyewe. Usingoje kukamatwa.

Na kama tayari una komba au tumbili nyumbani, usimfungue ovyo usiku akapotelea mitaani. Mnyama aliyezoea watu atarudi kwa watu na kuuma. Wasiliana na ofisi ya KWS iliyo karibu nawe waje wamchukue.

Kuhusu nyoka nitasema machache, maana hakuna anayeniuliza kama amfuge. Mnaniuliza afanye nini akiingia. Bafe hulala tu njiani bila kukimbia, ndiyo maana hukanyagwa. Fira hutema sumu machoni. Tembeeni na tochi usiku, inueni majani na kuni kwa mti si kwa mkono, na ondoeni vichaka karibu na nyumba. Mtu akiumwa, msimchanje kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba. Mtulizeni, kiungo kisitikisike, mpelekeni hospitali haraka. Sumu ikitemwa machoni, osheni kwa maji mengi safi. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, kwa hiyo si jambo dogo. Lakini kumbukeni kwamba nyoka mnamwogopa, na kwa hiyo mnajihadhari. Mbwa hamumwogopi.

Mama, sasa nikujibu. Usimpe komba. Kama nyumba ni ndogo na mtoto ana umri wa kuanza shule, mpe paka au sungura. Kama una uwanja na baba yake yuko tayari kugharimia chakula, mpe mbwa, lakini siku ya kwanza anapoingia, kabla hujampa jina, panga siku ya chanjo. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya kampeni mlete hata aliye mdogo zaidi, sisi tutaamua. Kadi yake iweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Zikae mahali pamoja, kwa sababu zote mbili zinamlinda mtoto yuleyule.

Na mfundishe mwanao mambo manne. Asimguse mnyama anayekula. Asimguse aliyelala au anayenyonyesha. Asimkimbie mbwa asiyemjua, bali asimame wima kama mti, mikono kifuani, asimtazame machoni. Na la nne mmeshalisikia: akiumwa, aseme.

Wazee wa mtaa, tusaidieni kupita nyumba kwa nyumba mkihesabu mbwa, hata wale wanaoitwa koko. Vijana, leteni kamba ngumu, msiwafunge mbwa kwa waya wala kuwaburuta. Mbwa aliyeumizwa njiani hafiki kwenye sindano akiwa mtulivu. Walimu, tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tukiitumia siku hiyo moja darasani, watoto watawafundisha wazazi.

Nimemaliza, Bwana Chifu. Sungura, paka, kuku na mbwa, tutaendelea kuishi nao, na ni vizuri tuishi nao. Yule mtoto niliyewasimulia alimpenda mbwa wake, na kumpenda hakukuwa kosa. Sisi wakubwa ndio tulioacha kazi yetu haijafanyika. Tuifanye sasa.



MAMBO YA KUKUMBUKA

Ukiumwa au ukiparuzwa: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, maliza sindano zote.

Mbwa na paka: chanjo kila mwaka. Tunza kadi.

Siku ya kuchinja: usimtupie mbwa ini au mapafu yenye vifuko vya maji.

Mama mjamzito: mtu mwingine azoe kinyesi cha paka, na kizolewe kila siku.

Wanyamapori: usinunue, usifuge bila kibali cha KWS.

Mtoto: akisema ameumwa, usimchape.